Nionyeshe Mstari

Katika daftari la malalamiko palikuwa na maneno manne: "Saa 8 simu zimekatika." Tarehe ilikuwapo, Jumatatu ya 17 Oktoba 2011, na sahihi ya mhudumu ilikuwapo, ingawa ilikuwa ile sahihi ya mtu anayekimbilia daladala. Bosi alinipigia jioni akitaka maelezo kabla ya kikao cha asubuhi. Nikarudi ofisini, nikawasha kompyuta, nikaanza kuitafuta saa nane ndani ya seva.

Kwa mtu aliyekulia Dar es Salaam saa nane haina utata. Watu wametoka kula, feni inazunguka bila faida, usingizi unanyemelea. Seva haikuyajua hayo. Mafundi walioifunga waliiacha ifuate saa ya UTC, nasi tuko saa tatu mbele yake, kwa hiyo saa nane yetu ya mchana kwake iliandikwa 11:00. Nikaifungua sehemu hiyo. Simu zilikuwa zinaingia na kupokewa kama kawaida. Nilikaa hapo hadi karibu saa nne usiku nikisaka hitilafu isiyokuwapo, ndipo ikanipitia akilini kwamba huenda mhudumu aliinakili saa kutoka kwenye kioo cha simu yake ya mkononi. Simu ilimwambia 8:00, naye akaandika 8. Basi ilikuwa saa mbili asubuhi, ambayo kwa seva ni 05:00. Nilipofika huko nikaikuta: simu zote zilizokuwa hewani zilianguka kwa pamoja, kisha dakika sita za kimya. Swichi ya mtandao ilikuwa imezimika na kuwaka tena. Jambo dogo kabisa, na lilinila usiku mzima kwa sababu tukio moja lilikuwa na saa za aina tatu.

Wakati huo nilidhani nilichokosa ni programu nzuri. Nilikuwa fundi wa seva katika kituo cha kupokea simu za wateja, wahudumu wasiozidi thelathini kwa zamu, na nilikuwa na imani ya kijana kwamba kila shida ya kompyuta ina kifaa chake kilichokwisha kutengenezwa mahali fulani, kazi yangu ni kukipata tu. Miaka iliyofuata nilipita kwenye vifaa vingi. Vingine vilikuwa vizuri sana. Vilivyonipoteza zaidi ndivyo vilivyokuwa vizuri sana.

Mtambo wetu wa simu ulikuwa Asterisk, programu ambayo Mmarekani Mark Spencer aliianza mwaka 1999 kwa sababu kampuni yake changa haikuwa na fedha za kununua mtambo wa simu wa ofisi. Ni programu ya bure, na kama vitu vingi vya bure ina tabia ya kuandika kila kitu. Kiswahili sanifu huyaita maandishi hayo kumbukumbu, neno lile lile la hiki ninachokiandika sasa. Ofisini tulisema logi. Kuna logi kubwa inayorundika kila pumzi ya mtambo, na kuna faili dogo la foleni liitwalo queue_log, ambalo kwa kituo cha simu ndilo roho. Kila tukio ni mstari mmoja uliokatwa vipande kwa vijiti vilivyosimama. Kipande cha kwanza ni hesabu ya sekunde tangu 1 Januari 1970, na ile saa nane yetu ya mchana wa tarehe 17 ni sekunde ya 1318849200. Kinafuata kitambulisho cha simu, jina la foleni, jina la mhudumu, kisha tukio lenyewe kwa Kiingereza cha herufi kubwa, kama mtu anayegomba: ENTERQUEUE, mteja ameingia foleni, CONNECT, amepokewa, ABANDON, amekata kabla hajapokewa. Mwisho zinakuja namba mbili tatu zisizo na maelezo. Hizo namba za mwisho zikumbuke, nitazirudia.

Kifaa changu cha kwanza kilikuwa grep. Ken Thompson wa Bell Labs aliitoa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na jina lake ni amri ya zamani tu ya kihariri cha maandishi: tafuta kila mahali, chapisha. Baadaye nikajifunza awk, ya mwaka 1977, ambayo jina lake ni herufi za mwanzo za Aho, Weinberger na Kernighan. Kwa viwili hivyo niliandika programu ya mistari kama arobaini iliyohesabu walioingia, waliopokewa na waliokata, kila saa ya siku, kwa saa zetu. Ilimaliza faili la siku kabla sijainua kikombe. Supavaiza wetu, mama mtu mzima mwenyeji wa Tanga, alikuwa akija nyuma ya kiti changu kuangalia lile dirisha jeusi la kuandikia amri.

"Mwanangu, hiki kitu kinasomeka kweli?"

"Kinasomeka, mama."

"Basi nisomee."

Nikamsomea. Yeye alikuwa na kauntabuku lake alilochora fito, nne zilizosimama na ya tano ikizikata, kwa kila mteja aliyelalamika, pamoja na neno moja au mawili ya alicholalamikia. Nilimheshimu kwa umri wake, lakini lile kauntabuku, kusema kweli, nililionea huruma.

Programu yangu iliishi vizuri hadi mteja mmoja mkubwa alipotaka ulinganisho wa miezi mitatu. Kwenye seva za Linux kuna mtumishi aitwaye logrotate ambaye kazi yake ni kuzuia logi zisijaze diski: hulifunga faili la zamani, hulizipu, na muda ukifika hulitupa. Nilikuwa nimenakili mpangilio wake kutoka kwenye mfano fulani bila kuusoma sawasawa, na mfano ulisema faili moja kwa wiki, hifadhi wiki nne. Miezi mitatu tuliyoombwa haikuwapo popote. Nilikuwa nimekazana kuchagua kisu kabla ya kuuliza kama nyama ipo. Siku hiyo hiyo nikabadilisha mpangilio, nikaomba diski ya nje, na kuanzia hapo kila faili la foleni lilihifadhiwa likiwa limezipiwa. Nilifanya hivyo kwa aibu tu, bila kujua kwamba ndilo jambo la busara kuliko yote niliyoyafanya pale.

Bosi alitaka Excel. Simlaumu, bosi yeyote anataka kitu anachoweza kukifungua mwenyewe, na dirisha jeusi linamfanya ajione mgeni katika ofisi yake. Basi nikawa natoa faili lote la mwezi katika umbo la safu, na kijana wa uhasibu analifungua kwenye kompyuta yake iliyokuwa bado na Excel ya 2003. Toleo hilo lina mistari 65,536, halizidi hapo. Lile la 2007 ndilo lililofika 1,048,576. Sisi tulikuwa na simu kama elfu mbili kwa siku, kila simu mistari mitatu au zaidi. Fanya hesabu: karatasi ilijaa tarehe 11 ya mwezi. Excel yenyewe ilitoa onyo kwamba faili halikuingia lote. Mtu akabonyeza OK, kama tunavyobonyeza sote. Kikaoni ikaonekana simu zimepungua mno kulinganisha na mwezi uliotangulia, ikapendekezwa kwamba huduma imeboreka hadi watu hawana haja ya kupiga, na muhtasari wa kikao ukaandikwa hivyo.

Kichekesho cha pili kilinigharimu zaidi. Namba ya simu ya Tanzania ikiandikwa kwa ukamilifu wake, na 255 mbele, ina tarakimu kumi na mbili. Excel ikiona tarakimu nyingi hivyo bila kuambiwa kuwa ni maandishi, huzifupisha kwa mtindo wa wanasayansi, 2.55754E+11, na ukilihifadhi faili tena katika umbo la safu inahifadhi ule ufupisho. Wateja mia kadhaa waliokuwa na namba zinazoanza sawa wakageuka mtu mmoja. Tulikaa mchana mmoja tukimjadili mtu huyo. Ana shida gani huyu? Kwa nini anapiga usiku na mchana? Supavaiza ndiye aliyesema kwa upole kwamba katika kauntabuku lake hakuna mtu wa namna hiyo, na mtu wa namna hiyo asingeweza kumpita.

Mwaka 2014 nikahamia kwenye vitu vikubwa. Elasticsearch ilikuwa gumzo kwa kila fundi niliyemfahamu, na asili yake ilinivutia: Shay Banon aliyeitunga alianza safari hiyo akijaribu kumtengenezea mkewe, aliyekuwa akisomea upishi London, programu ya kutafutia mapishi. Mapishi na simu havifanani, lakini kutafuta ni kutafuta. Logstash ilikuwa inasoma mistari na kuikata vipande, Elasticsearch inaihifadhi na kuitafuta, Kibana inachora. Tatizo la kwanza lilikuwa njaa yake. Nikaiweka, kwa kubana matumizi, kwenye seva ile ile ya simu iliyokuwa na RAM ya gigabaiti 8. Ndani ya wiki sauti za wateja zikaanza kukatikakatika kama za watu wanaoongea chini ya maji. Kifaa cha kuchunguza foleni kikawa kinaongeza foleni. Nikaomba kompyuta nyingine, nikasubiri miezi miwili, nikapewa.

Na hapo ikapendeza. Tulitundika runinga ukutani, chati zikawa zinapumua mbele ya wahudumu, bluu kwa waliopokewa, nyekundu kwa waliokata. Bosi alileta wageni kuiona. Chati moja ilimfurahisha kuliko zote: muda aliosubiri mteja kabla ya kukata. Ilionyesha wazi kwamba wengi wa wanaokata wanakata ndani ya sekunde mbili, tatu, tano.

Sasa msomaji wa Afrika Mashariki akiona hivyo hahitaji kuelezwa. Hao wanabipu. Tumekua tukibipu, mtu ana salio la kumsalimia mama yake na hana la kusikiliza matangazo ya kampuni, kwa hiyo anagusa, anakata, anasubiri apigiwe. Laini yetu haikuwa ya bure. Maelezo yalikaa mahali pake kama kifuniko na sufuria. Programu nyingi za kigeni za vituo vya simu huwaondoa kwenye hesabu watu wanaokata ndani ya sekunde chache, kwa dhana kwamba walikosea namba, na sisi tukaona tuna sababu ya kienyeji ya kufanya vile vile. Asilimia ya waliokata ikashuka kwa kalamu. Zaidi ya hapo, ukarekodiwa ujumbe, kwa sauti nzuri ya dada mmoja wa masoko, ukapachikwa kwenye foleni: mpendwa mteja, tafadhali usibipu, piga ukiwa na salio la kutosha ili tukuhudumie.

Ujumbe huo ulichezwa kwa zaidi ya miezi miwili.

Supavaiza alikuja na kauntabuku lake siku moja baada ya zamu ya asubuhi. Nilimwamkia, akaitikia, akavuta kiti. Hakuja kubishana na chati. Kuna watu hawabishani, wanauliza tu.

"Hawa wanaokata kwa sekunde mbili," akasema, "muziki wanausikia saa ngapi?"

"Muziki upi, mama?"

"Huu wa kusubirishia. Mwezi huu nina fito arobaini na kitu za watu wanaolalamikia muziki. Wanasema umewachosha. Na huyu dada wenu anayewaambia wasibipu, wanamtukana. Sasa mtu wa sekunde mbili anachoshwa na nini?"

Sikuwa na jibu. Nikafungua Kibana, nikabonyeza kwenye nguzo nyekundu, ikanipa orodha ya simu. Nikabonyeza simu moja, ikanipa jedwali: foleni, tukio, kusubiri 2. Nikatafuta mstari wenyewe, ule uliotoka kwenye mtambo. Haukuwapo. Mimi ndiye niliyeuondoa. Logstash ikishakata mstari vipande unaweza kuuhifadhi mstari mzima pembeni au kuutupa, nami nilitupa ili kuokoa nafasi. Nani angetaka mistari ile tena, na chati zipo?

Nikachomeka diski ya nje yenye mafaili yaliyozipiwa. Nikafungua dirisha jeusi. Kwa kitambulisho cha simu ile zgrep, ile grep ya mafaili yaliyozipiwa, ilileta mistari miwili: wa kuingia foleni, na wa pili ulioishia hivi: ABANDON|2|7|187.

Turudi kwenye zile namba za mwisho zisizo na maelezo. Mteja akipokewa, namba ya kwanza baada ya neno CONNECT ni sekunde alizosubiri. Mimi nilipokuwa natayarisha Logstash niliziangalia simu zilizopokewa, nikaona safu ya sita ni muda wa kusubiri, nikaipa safu ya sita jina "kusubiri", nikaenda kunywa chai. Lakini mteja akikata, mtambo huandika mambo mengine katika mpangilio mwingine: kwanza nafasi aliyokuwa nayo foleni alipokata, kisha nafasi aliyoanza nayo, na ya tatu ndiyo sekunde alizosubiri. Nyaraka za Asterisk zinasema hivyo, tena bila kuficha. Na kwa wapenda mitego, lipo tukio jingine ndani ya faili hilo hilo, la simu iliyolia kwa mhudumu asiipokee, ambalo muda wake huandikwa kwa elfu za sekunde wakati majirani zake wanahesabu sekunde.

Kwa hiyo yule hakubipu. Aliingia akiwa wa saba. Akasubiri dakika tatu na sekunde saba, salio likiyeyuka, akisogea polepole hadi akawa wa pili. Alibakiza mtu mmoja mbele yake. Na katikati ya kusubiri huko tulimwambia asibipu.

Supavaiza alisoma ule mstari kwa kidole, namba moja moja, nilipomwonyesha maana zake. Hakusema nimekosea. Aliniuliza tu kama naweza kumchapishia.

Niliyafanyia kazi mafaili yote ya miezi ile kwa awk yangu ya zamani, nikiisoma safu ya nane kwa waliokata. Wabipuji walikuwapo, tena wa kweli, na walionekana vizuri zaidi sasa: namba ile ile mara tatu nne ndani ya dakika kumi, kila mara chini ya sekunde tano. Lakini lile rundo kubwa lilikuwa la watu waliosubiri na kuchoka, na lilikaa pale pale kila siku, kuanzia saa saba hadi saa tisa mchana, wakati wahudumu wanapokezana kula.

Hapo kuna hesabu ya zamani inayosaidia. Agner Krarup Erlang, Mdenmaki aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1909 na tena 1917 kanuni ambazo vituo vya simu duniani vinazitumia mpaka leo kukadiria wahudumu wangapi wanatosha. Unaipa idadi ya simu na urefu wake, inakupa watu. Ile ya foleni ina dhana moja ya kiungwana: kwamba kila mteja atasubiri hadi apokewe, hata iwe kesho. Tuliwahi kuitumia kwa idadi ya simu zilizopokewa pekee, kwa hiyo waliochoka na kukata hawakuwa wakiombewa mhudumu. Kadiri walivyokata wengi ndivyo hesabu ilivyotuambia tuko sawa. Tulipoingiza simu zote zilizofika ikadai watu watatu zaidi wakati wa chakula. Tulipata wawili, na zamu ya kula ikagawanywa. Ujumbe wa kubipu uliondolewa kimya kimya, bila tangazo.

Sikuiacha Elasticsearch baada ya hapo. Watu wakinisikia nikisimulia haya hudhani nahubiri kurudi kwenye dirisha jeusi, na wapo mafundi wanaojivunia kutotumia kingine, kama wazee wanaosema chakula cha mkaa tu ndicho chakula. Hapana. Runinga ile ukutani iliwasaidia wahudumu kuliko programu yangu ilivyowahi kuwasaidia. Waliona foleni ikipanda na wakaahirisha soda. Nilichobadilisha ni kitu kimoja, kuhifadhi mstari asilia ndani ya kila rekodi, ukae umbali wa kubonyeza mara moja kutoka kwenye chati. Diski ikajaa haraka zaidi. Nikanunua diski.

Nilipoanza kuitwa na ofisi nyingine kusaidia kuchagua, ombi hilo moja ndilo niliingia nalo kwenye maonyesho ya wauzaji. Muuzaji anaonyesha ramani, duara, saa za rangi, nami nasubiri amalize. Kisha: kaka, samahani, chagua simu yoyote hapo, nionyeshe mstari uliotoka kwenye mtambo. Wapo waliobonyeza mara mbili ukatokea, na hao mazungumzo yaliendelea. Mmoja alinieleza kwa uchangamfu kwamba data asilia haihifadhiwi lakini muhtasari wake upo kwa miaka mitano. Nikamshukuru kwa soda.

Bei nayo ina somo lake, na nitalipita haraka kwa kuwa linaniumiza. Vipo vifaa vinavyolipiwa kwa ujazo wa logi zinazoingia kila siku. Splunk, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2003, ndiyo iliyoufanya mtindo huo ujulikane, na leseni yake ya bure iliishia megabaiti 500 kwa siku. Faili letu la foleni lilikuwa dogo, lingekaa humo kwa raha. Katika ofisi moja nilikopeleka kifaa cha aina hiyo niliwasha hali ya dibagi kwenye mtambo wa simu ili kufuatilia tatizo la sauti, nikalipata, nikaenda nyumbani, nikasahau kuizima. Mtambo ukaandika hadithi ndefu kuhusu kila pakiti iliyopita, kwa siku tisa. Ankara ilipokuja waliniita. Tangu hapo, kabla ya kujadili bei na yeyote, napima logi inatoa kiasi gani siku ya kawaida na siku ambayo fundi amechanganyikiwa.

Wanaoamini kwamba cha bure ni cha bure milele wakumbuke Januari 2021, Elasticsearch ilipotangaza kubadili leseni yake na Amazon wakachukua msimbo wa zamani wakaanzisha OpenSearch. Hatukudaiwa senti, lakini ilibidi tuchague upande, na kazi ya kuhamisha iliangukia wikiendi zangu. Faili la maandishi lililozipiwa halikuwa na upande.

Kuna jambo ambalo mwaka 2011 sikuliwaza kabisa. Mtambo wa simu unaweza kuandika kwenye logi kila kitufe anachobonyeza mteja, na mteja anayeambiwa na sauti ya mashine aweke namba ya siri anabonyeza namba ya siri. Niliwahi kuzikuta, kwenye logi ya kawaida, katika faili ambalo lilikuwa limekwisha kunakiliwa kwenye kompyuta tatu na flashi moja. Hakuna aliyeiba chochote. Hakuna aliyejua zipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ni ya mwaka 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023, na Kenya walikuwa na yao tangu 2019, kwa hiyo leo swali la nani anaona namba za wateja na seva ya muuzaji iko nchi gani halikwepeki. Mimi huyu ninayedai mstari asilia uhifadhiwe nimelazimika kujifunza kuuhifadhi huku tarakimu fulani zimezibwa kabla hazijafika kwenye diski. Mambo hayo mawili yanavutana, na sijapata kifaa kinachoyapatanisha chenyewe. Inabidi mtu akae na faili la siku moja, alisome kwa macho, aseme hiki kibaki, hiki kizibwe.

Na ndivyo ninavyoanza sasa kila nikiitwa. Kabla ya jina lolote la programu, naomba faili la siku moja na simu moja ambayo mtu anaikumbuka: mteja aliyegomba, au simu aliyopiga mkurugenzi mwenyewe kujaribu. Tunaifuata kwa mkono kutoka mstari hadi mstari, tukiuliza hii namba ni nini, na hii saa ni saa ya nani. Huchukua nusu siku. Vijana huona napoteza muda wao, na baadhi yao hunisogezea kiti kwa adabu iliyozidi, kama mimi nilivyolitazama lile kauntabuku.

Majuzi niliitwa na kituo kimoja kilichonunua programu mpya unayoiuliza maswali kwa lugha ya kawaida, hata Kiswahili, nayo inakujibu. Kijana aliyeiongoza alikuwa hodari, mwenye haraka ya heshima. Akaiuliza kwa nini wateja wanakata simu mchana. Ikajibu aya mbili safi, Kiswahili fasaha kuliko changu: wateja wengi hukata mapema kutokana na tabia ya kubipu.

"Umeona, mzee?"

"Nimeona. Sasa nionyeshe mstari."

Akabonyeza. Ikatoa muhtasari. Akabonyeza ndani ya muhtasari, ikatoa muhtasari wa muhtasari. Akaiuliza kwa maneno, ikaomba radhi. Chai yangu ilikuwa imeanza kuweka utando juu. Akajikuna kisogo, akacheka kidogo, akafungua dirisha jeusi.